Pumzi ya Mzee Zedekiah Ajwang (1902–1958)

Jumanne, tarehe 16 Septemba 1958, Mzee Zedekiah Ajwang aliamka saa kumi na mbili asubuhi, akanywa uji nusu kikombe, na saa mbili akaomba kigoda chake kitolewe nje, kwenye jua, mbele ya chumba cha familia karibu na Dagoretti Corner. Mkewe, Mama Peres, alikuwa akifua nguo kando yake. Saa tatu na dakika ishirini aliacha kufua. Kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa ameizoea sauti ya pumzi ya mumewe kama mtu aizoeavyo saa ya ukutani, na sasa haikuwapo. Alijifuta povu mikononi, akamfumba macho, kisha akarudi kwenye karai na kumaliza kusuuza shati lililokuwa ndani, kwa kuwa lilikuwa la marehemu na lingehitajika.

Marehemu alizaliwa Seme, Nyanza, mapema mwaka wa 1902. Siku yenyewe haijulikani. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba alikwenda kulitazama gari la moshi la kwanza kufika ziwani akiwa na mimba yake, na lilipopiga honi mtoto akageuka tumboni. Alikuwa wa pili kati ya watoto wanne. Aliyebaki sasa ni mdogo wake, Bwana Shem, ambaye yupo nasi hapa leo.

Alisoma katika shule ya misheni, Maseno, tangu mwaka wa 1911, akabatizwa huko na kupewa jina la Zedekiah. Mwaka wa 1917 baba yake alichukuliwa vitani kubeba mizigo na hakurudi, naye akaacha masomo ili awalishe ndugu zake. Alijua kusoma, na mwandiko wake ulikuwa mzuri. Lakini Kiswahili alijifunza Nairobi, ukubwani, na hakikumkaa sawasawa maisha yake yote. Jambo hilo litatajwa tena.

Alifika Nairobi Machi 1921 na kufanya kazi ya barabara kwa miaka mitano. Mwaka wa 1926 aliajiriwa kung'arisha sakafu katika jengo la ofisi la ghorofa nne, Government Road, na hakuwahi kubadilisha kazi. Wengi mliomfahamu mlimwona akiifanya. Kwanza alipiga magoti na kupaka nta. Kisha alisimama, akajifunga ngozi za kondoo chini ya nyayo, akaweka mikono mgongoni na kuteleza huku na huku, ukuta hadi ukuta, akiimba nyimbo za kanisani. Ubeti mmoja ulimtosha kutoka ngazini hadi mlango wa mwisho, na hakuvuta pumzi katikati. Kwa miaka mingi alifanya kazi hiyo pamoja na Bwana Mungai. Kila mmoja alikuwa na ghorofa zake mbili. Katika msako wa askari wa Aprili 1954 Bwana Mungai alichukuliwa kizuizini pamoja na wengine, na hakuletwa mtu mwingine. Marehemu akazifanya ghorofa zote nne peke yake, na kila Ijumaa jioni zilikuwa zimekwisha. Ngozi za Mungai alizitundika kwenye msumari wake na hakukubali zivaliwe na mtu.

Tarehe 10 Desemba 1927 alifunga ndoa na Peres katika kanisa la nyumbani, Seme. Siku hiyo ilionekana wazi kwamba Nairobi imemharibu miguu. Wenzake walirukaruka kwenye ngoma, yeye akateleza tu, mikono mgongoni. Bibi arusi alimtazama kwa muda, kisha akamwuliza mbele ya mashemeji, "Wewe, umekuja kunioa au kunisugulia sakafu?" Marehemu alijibu kwamba atafanya yote mawili, Mungu akimjalia. Walijaliwa watoto wawili, Tobias na Caren. Tangu mwaka wa 1938 familia iliishi Kileleshwa, katika kota nyuma ya nyumba ambamo Mama Peres alikuwa yaya, hadi waajiri wake waliporudi kwao mwishoni mwa 1956.

Dalili za kwanza zilikuja mwanzoni mwa mwaka huo huo. Marehemu alikuwa akienda mjini kwa miguu, na alipofika penye mlima wa kutoka mtoni alianza kusimama na kuinama, akifunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Ofisini wimbo ulianza kukatika katikati ya ubeti. Bawabu wa jengo, Bwana Kivuva, aliyeuzoea wimbo huo kutoka mlangoni pake, alipaza sauti kwenye ngazi.

"Mzee Zede! Redio imezima?"

"Betri, Kivuva. Betri zimekwisha."

"Basi nunua zingine, mzee. Sisi huku chini tunangoja habari."

Walicheka wote wawili. Lakini kufikia mwisho wa mwaka hapakuwa tena na wimbo, na miguu yake ilikuwa ikivimba jioni. Hakuwa na homa wala kikohozi. Alikula vizuri. Alisema tu kwamba amechoka, na kwamba uchovu huo haukutokana na kazi anayoijua.

Februari 1957 msimamizi wa jengo alimkuta ameketi kwenye ngazi ya ghorofa ya tatu, ngozi zikiwa bado miguuni, akamwuliza anafanya nini.

"Napumzika, bwana."

"Kila nikipita hapa unapumzika."

"Ndiyo, bwana. Nikipumzika kidogo, naendelea."

Makarani waliokuwa wakipita waliyasikia hayo. Kabla ya Pasaka marehemu alikuwa amepata jina jipya. Walimwamkia, "Bwana Pumzika, umeamka?" na "Bwana Pumzika, usiku ulikuwa mwema au nao ulikuchosha?" Yeye aliwaitikia kwa adabu, kwa kuwa hakuona kosa katika neno hilo. Aliyeliona ni Mama Peres. Jumapili moja Bwana Kivuva alikuja kunywa chai akalitamka jina hilo kama mzaha, na Mama Peres akaweka birika chini.

"Wanamwita nani?"

"Ni utani tu, mama. Vijana wa ofisi."

"Mtu wa ghorofa nne peke yake. Wanamwita mvivu?"

Tangu siku hiyo Mama Peres hakutaka kitu kingine chochote kuhusu ugonjwa ule kabla ya hiki: watu wajue kwamba mumewe si mvivu. Kupona angemwachia Mungu.

Marehemu alikuwa amekwenda dispensari mara mbili, peke yake. Mara zote mbili msaidizi wa daktari alimwuliza ana nini, naye akajibu kwamba hawezi kupumzika, na kwamba usiku ndio mbaya zaidi. Mara zote mbili alipewa vidonge vya usingizi na kuambiwa apumzike. Alirudi kazini akayaeleza kama alivyoambiwa, na msimamizi akasema ugonjwa wa namna hiyo hata yeye anao.

Julai 1957 Mama Peres alimsindikiza. Aliketi kando yake kwenye benchi, akamsikia akiulizwa, akamsikia akijibu, "Siwezi kupumzika, daktari." Akamwona yule msaidizi akifungua chupa ile ile ya vidonge.

Hapo Mama Peres alielewa. Kwa Kijaluo kuvuta pumzi ni *yweyo*, na kujilaza ukaondoa uchovu ni *yweyo* vilevile. Marehemu alikuwa amelichukua neno moja la Kiswahili na kulituma kazi mbili, kama alivyozoea nyumbani. Mama Peres naye angefanya hivyo hivyo, isipokuwa kwamba kule Kileleshwa alikuwa amelea mtoto mwenye pumu, na kwa miaka mitano alimpigapiga mgongoni akimwambia, "Pumua, toto, pumua."

"Daktari," alisema, "huyu hakuambii kupumzika. Anakuambia kupumua."

"Mama, nimemsikia mwenyewe. Amesema kupumzika."

"Amesema. Kwetu ni neno moja. Hewa haimtoshi. Analala ameketi."

Yule kijana aliweka chupa chini. "Sasa mzee, mbona hukusema hivyo tangu mwanzo?"

"Nimesema mara tatu," marehemu alijibu, na akahitaji kutulia kabla ya kuendelea. "Hii ya tatu. Mama amesema kwa niaba."

Kijana huyo alicheka, akaomba radhi, na siku hiyo hiyo akampeleka kwa daktari hospitalini. Familia inamshukuru. Daktari alimpima kifua kwa muda mrefu, akabonyeza miguu yake kwa kidole, akasema moyo umechoka. Mama Peres aliuliza umechoshwa na nini. Daktari alisema hajui. Alimpa dawa ya kupunguza uvimbe, ambayo ilisaidia kwa kiasi, na akamkataza ngazi. Wapo waliosema ni nta, wapo waliosema ni baridi ya sakafu, na wapo waliotaja mambo mengine ambayo si ya kusomwa hapa. Familia haijui, na haitajifanya kujua.

Jumamosi, tarehe 31 Agosti 1957, marehemu alimkabidhi Bwana Kivuva funguo za jengo. Ngozi zake alikuja nazo nyumbani, na za Mungai pia.

Baada ya hapo alijifunza kuishi kwa pumzi aliyokuwa nayo. Alilala ameegemea godoro lililokunjwa na gunia la maganda ya mahindi. Popote alipokwenda, bombani, dukani au kanisani, alikwenda na kigoda chake. Alitembea, akaketi, akatembea tena. Mama Nyokabi, mwenye nyumba, alikiita kigoda hicho farasi wa Zedekiah, na alipomwona amekikalia njiani alimwuliza kama farasi amekula. Alijifunza kuzungumza kwa sentensi fupi. Salamu za Kijaluo, ambazo ni ndefu, alizigawa: nusu alimwachia Mama Peres azimalizie. Asubuhi alipokuwa na nguvu alivaa ngozi na kuteleza mara moja ndani ya chumba, kutoka kitandani hadi mlangoni. Ni sakafu ya saruji. Mliofika nyumbani wiki hii mmeiona.

Kuhusu jina lile la ofisini hakuwahi kulalamika. Mama Peres alipomweleza maana waliyoisikia wale makarani, alisema, "Basi walidhani nawajibu vibaya." Hilo ndilo lililomsumbua.

Marehemu anazikwa hapa Nairobi leo, Ijumaa, tarehe 19 Septemba 1958. Bwana Shem atachukua udongo wa kaburi hili na kwenda nao Seme.

Ameacha mjane, Mama Peres. Mwanawe, Tobias, wa Reli, Nakuru, pamoja na mkewe. Binti yake, Caren, fundi wa kushona. Ndugu yake, Shem. Na wajukuu wanne. Bwana Mungai bado hajarudi. Ngozi zake zimehifadhiwa.

Jumatano jioni Bwana Kivuva alikuja kutoa pole, akawaambia waliokuwapo habari za kule ofisini. Mama Peres alimwomba arudie polepole. Kisha akaagiza maneno hayo yaandikwe mwisho kabisa, na yasomwe kwa Kiswahili, ili makarani waliotuheshimu kwa kufika wayasikie bila mkalimani.

Apumzike kwa amani. Neno hilo leo lisikike kama alivyolisema yeye. Mwaka mmoja tangu arudishe funguo, ghorofa zile nne zinang'arishwa na vijana watatu kwa mashine ya umeme, na ya nne haijawahi kumalizika kabla ya Jumamosi.