Hali Yake ya Asili

BIBI: Eeh, nasikia. Wewe nani, mbona unapumua tu?

AFISA: Bibi? Haloo? Ni mimi, wa ofisi ya majengo ya kale. Shikamoo.

BIBI: Marahaba, mwanangu! Mama Fomu! Sauti yako imekuwaje, kama uko ndani ya pipa?

AFISA: Niko kwenye ngazi za ofisi. Ndani mtandao haushiki. Hujambo lakini?

BIBI: Sijambo. Magoti tu. Na wewe? Umekula leo?

AFISA: Nitakula.

BIBI: Hujala. Saa tisa hii na hujala.

AFISA: Bibi, sikiliza, salio langu dogo. Kamati inakaa kesho saa nne. Majengo yote ya jimbo yanasomwa kesho, moja moja, lipi linaingia kwenye orodha ya kulindwa na lipi haliingii. Nyumba yako ni ya kumi na saba.

BIBI: Ya kumi na saba. Si haba.

AFISA: Ikiingia, watu wa barabara hawaigusi. Watapitisha barabara yao upande wa pili, kwenye ule uwanja mtupu. Isipoingia—

BIBI: Isipoingia, ile X yao nyekundu mlangoni. Najua. Naiona kila nikitoka kumwaga maji.

AFISA: Sasa nimebakiza kitu kimoja. Picha ya ukuta. Zile nilizopiga mwaka jana zimepotea zote, kompyuta ya ofisi imekufa. Imebaki moja.

BIBI: Si iko moja?

AFISA: Ni ile umesimama mbele ya ukuta.

BIBI: Nimetoka vizuri?

AFISA: Umetoka vizuri sana, bibi. Ukuta ndio haujatoka. Umeuziba wote.

BIBI: Wewe ndiye uliyeniambia nisimame pale! "Bibi sogea kidogo, bibi cheka."

AFISA: [anacheka kidogo] Ni kweli. Sasa naomba mtu hapo mwenye simu ya picha aupige ule ukuta wa chumba cha mbele, anitumie leo hii. Zile alama za mkaa za mama yako. Bila zile alama hiyo ni nyumba ya matofali tu, ziko elfu kama hiyo.

BIBI: Ule ukuta wa mbele.

AFISA: Hata yule fundi cherehani wa jirani, si ana simu nzuri?

BIBI: Anayo. Mtu mwema sana yule. Ndiye aliyetuazima ngazi.

AFISA: Ngazi ya nini?

BIBI: Mwanangu, ile barua yenu. Tumeifanyia kazi yote.

AFISA: Barua ipi? Bibi, ngazi ya nini?

BIBI: Ninayo hapa, niliifungia kwenye kitambaa. Ngoja miwani... "Mmiliki ahakikishe jengo liko katika hali yake ya asili kabla ya kamati kukaa." Hali yake ya asili. Nikaisoma mara tatu. Nikamsomea fundi cherehani, naye akaisoma. Tukasema, sawa, asili ni ilivyokuwa mwanzo. Na mimi nimezaliwa humu, mwanzo naujua. Mwanzo ukuta ulikuwa mweupe.

AFISA: Usiniambie.

BIBI: Mweupe kabisa. Mama alianza kuuchora baadaye, alipoanza kuzalisha watu. Kwa hiyo—

AFISA: Bibi, usiniambie mmepaka rangi.

BIBI: Mara mbili. Fundi wa rangi alisema mkono mmoja hautoshi, weusi utapenya.

[mkwaruzo mrefu kwenye laini]

AFISA: Lini?

BIBI: Jumamosi iliyopita. Walikuja wote. Yule binti bubu wa kule nyuma alibeba maji tangu asubuhi, ndoo kumi na moja, hakuna aliyemwambia. Fundi cherehani na ngazi yake. Kitanda changu walikiinua wakakirudisha palepale, hata mto hawakuuangusha. Nililia, mwanangu. Nilisema watu bado wapo.

AFISA: Ni chokaa? Niambie ni chokaa. Chokaa tunaweza kuilowesha, tukaitoa pole pole kwa sponji. Nimeona ikifanyika.

BIBI: Fundi Brashi, huyo mpaka rangi, alisema chokaa inachafua nguo. Akaleta ile aliyobakiza alipopaka hospitali. Ya mafuta. Akakataa hata nauli.

AFISA: Ya mafuta.

BIBI: Inang'aa, mwanangu. Ukiwasha taa hata huhitaji kioo.

AFISA: Ngoja nikae chini.

BIBI: Kaa. Kaa, mama.

AFISA: Alama mia sita, bibi.

BIBI: Mia sita na kumi na mbili. Niliwahi kuzihesabu nikiwa na homa. Mstari kwa mvulana, duara kwa msichana. Mama hakujua kuandika, ila hakukosa hata mmoja. Mtoto akishalia tu, anaokota mkaa jikoni, anakwenda ukutani kabla hata ya kunawa.

AFISA: Na huyo Fundi Brashi, hakuuliza? Anafuta vitu kama hivyo na haulizi?

BIBI: Na yeye mwenyewe alikuwemo. Mstari wake ulikuwa karibu na dirisha, mama yake alimwonyesha tangu mdogo. Alipoufikia akasimama, akaniangalia, akasema, "Bibi, leo najifuta mwenyewe." Tukacheka wote. Kisha akapitisha brashi.

AFISA: Mkacheka.

BIBI: Tulidhani ndivyo serikali inavyotaka. Tungewauliza akina nani? Saini iliyo hapa chini ni yako.

AFISA: Ni yangu.

BIBI: Sikukusudia kukuumiza.

AFISA: Hapana, ni kweli. Sikuitunga mimi, nilikuta iko hivyo, nikatia saini nakala arobaini na tatu kwa asubuhi moja. Jimbo zima. Kila jengo likapata ileile.

BIBI: Na wenzangu walifanyaje?

AFISA: Kuna mzee mmoja mwenye duka la zamani. Ameezua paa lote la bati anatafuta nyasi. Nitakwenda kwake Alhamisi, kama gari litawaka.

BIBI: Maskini! Na mvua hizi!

AFISA: Anatandika turubai juu ya kitanda. Kaniambia, "Afisa, asili ina baridi."

BIBI: [anacheka, anakohoa] Mungu amsaidie.

AFISA: Na kile kiwanda cha ngozi kimeanguka chenyewe kabla sijafika. Kengele ya ile shule imeuzwa chuma chakavu. Tuko watatu tu ofisini, bibi. Watatu na mwenye funguo. Wiki iliyopita nilikaa na faili la nyumba yako nikasema, hii angalau. Hii moja.

BIBI: Hujanigombeza.

AFISA: Nimechoka, bibi. Kugombeza kunataka nguvu.

BIBI: Hata hivyo, asante.

[gari linapita upande mmoja wa laini]

BIBI: Sasa nikikusomea kwa kichwa? Ninazijua nyingi. Juu kulia ni wale mapacha wa mchoma matofali. Kando yao mwalimu mkuu, yule aliyefariki. Halafu madada watatu wamefuatana kama vifungo—

AFISA: Nakuamini. Lakini fomu haitaki hivyo. Inauliza: "Alama za kihistoria bado zipo kwenye jengo?" Kuna kisanduku cha ndiyo na kisanduku cha hapana. Na picha. Basi.

BIBI: Na ukiweka ndiyo?

AFISA: Watakuja kukagua. Wakikuta ukuta unang'aa kama sufuria, nyumba inatoka na mimi natoka. Siwezi kudanganya, bibi.

BIBI: Wala sikuombi. Nisingekutazama machoni tena.

AFISA: Hakuna pengine? Nyuma ya mlango? Kwenye fremu ya dirisha? Labda siku moja mkaa ulikosekana akatumia kitu kingine?

BIBI: Hakuna.

AFISA: Umefikiria?

BIBI: Nimesema hakuna, mwanangu.

AFISA: Sawa. Sawa, bibi. Basi nitaweka hapana. Nitaandika na maelezo marefu chini, ingawa hawayasomi. Watu wa barabara wakija, watakupa notisi ya siku sitini. Kwa mwanao kule kuna nafasi?

BIBI: Kuna kochi. Mke wake mtu mzuri. Alishanitolea droo moja ya nguo.

AFISA: Vizuri.

BIBI: Droo moja.

[mkwaruzo]

AFISA: Bibi, unakatika. Bado upo?

BIBI: Ngoja.

AFISA: Nini?

BIBI: Ngoja nishuke. Naweka simu kwenye kitanda, usikate.

AFISA: Unashuka wapi? Bibi, dakika zangu—

[sauti ya kitu kizito kikiburutwa]

AFISA: Bibi! Unasukuma nini? Usisukume kitanda peke yako! Mwite fundi cherehani!

BIBI: [kwa mbali] Nimekwisha... magoti haya... subiri.

AFISA: Nasubiri.

BIBI: [karibu] Ipo.

AFISA: Nini ipo?

BIBI: Kwa macho huioni, rangi imejaa. Kwa kidole ipo. Chini huku, usawa wa goti, nyuma ya kitanda. Imeingia ndani ya ukuta.

AFISA: Imechongwa? Haikuchorwa kwa mkaa?

BIBI: Kwa msumari. Mama alikaa hapa chini na msumari na jiwe, tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Mimi nilikuwa kitandani, nasikia ko, ko, ko. Sikumwambia aache.

AFISA: Bibi, hiyo ni... Subiri. Ina umbo gani?

BIBI: Duara.

AFISA: Msichana.

BIBI: Duara, na mstari umepita katikati.

AFISA: Mstari si mvulana? Ni mapacha?

BIBI: Hapana. Mama hakuwa na alama ya mtoto asiyelia, mwanangu. Ilibidi atunge.

AFISA: Asiyelia.

BIBI: Watoto wote wa watu aliwachora kwa mkaa. Huyu akasema mkaa utafutika.

AFISA: Wewe ulikuwa kitandani.

BIBI: Nilikuwa kitandani.

AFISA: Pole, bibi. Pole sana. Sikujua.

BIBI: Ungejuaje. Ndiyo maana kitanda kinakaa hapa. Watu walipokuwa wanapaka nilisema moyoni, haya, na hii nayo ifunikwe, ipumzike. Nililala vizuri siku ile. Asubuhi yake nikapeleka mkono kutafuta.

AFISA: Sikiliza. Si lazima. Nikiiandika hii watakuja kuiangalia watu wanne, watano. Watasogeza kitanda. Watamulika na tochi. Baadaye jimbo litaweka kibao, wanafunzi wataletwa, kila mmoja atauliza hii ni ya nani. Kila mmoja, bibi. Naweza kuandika hapana.

BIBI: Ukiandika hapana, tingatinga halitauliza.

AFISA: Halitauliza.

BIBI: Moja inatosha kwenye hiyo fomu yako?

AFISA: Fomu haiulizi ngapi. Inauliza zipo au hazipo. Na kama moja iliingia kwa msumari, naweza kumwomba fundi wa maabara aangalie na zile nyingine chini ya rangi. Siahidi kitu. Anahudumia majimbo mawili peke yake.

BIBI: Fundi Brashi asiambiwe.

AFISA: Asiambiwe nini?

BIBI: Kwamba alikosea. Ukija useme tu rangi yake nzuri.

AFISA: Nitasema. Ni nzuri.

BIBI: Hujaiona.

AFISA: Bibi, wameanza kunipigia ule mlio, salio linaisha. Niambie neno moja. Niweke wapi?

BIBI: Wakiuliza ya nani, nitawajibu mwenyewe. Wasikuulize wewe.

AFISA: Sawa.

BIBI: Weka ndiyo.

AFISA: Ndiyo. Nimeweka. Fundi cherehani aje apige picha kutoka ubavuni, mwanga utoke dirishani, kivuli kitaionyesha. Na usirudishe kitanda peke yako, umenisikia? Sasa inuka hapo chini.

BIBI: Bado kidogo. Wewe nenda ukale. Na hao watakaokuja waambie wabebe kitu cha kupigia magoti, mwanangu, maana ukitaka kuishika vizuri lazima ushuke kabisa, na sakafu hii ni—

AFISA: Bibi? Haloo? Bibi—

[simu imekatika]