Gari la Madam Stefania Lililoziba Masikio

Kijiwe cha Kona ya Cherehani ni benchi moja la mbao, mawe matatu na birika la kahawa la Silvana, basi. Lakini ukitaka kujua kwa nini shirika fulani limeuzwa, au nani kapunguzwa kazi wiki hii, Sumbawanga nzima hakuna ofisi yenye majibu mengi kuliko hapo, na yote ya bure. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, jua kali na upepo wa Ufipa unaokufuata mpaka ndani ya makoti mawili ya mitumba. Katikati ya kijiwe, mahali ambapo siku nyingine huwekwa bao, lilikaa gari jekundu lenye ukubwa wa mbuzi jike, la kuendeshwa kwa rimoti, na injini yake ya petroli ikiwashwa hulia kama msumeno wa kukatia magogo. Madam Stefania, muuza sabuni wa jumla, alilinunua Lusaka kwa mzungu aliyekuwa akihama, akalipitisha mpakani Kasesya, ili lizunguke sokoni na bendera ya sabuni zake. Likagoma. Akatangaza: atakayeujua ugonjwa wake kabla ya saa sita mchana, huyo ndiye fundi wake wa matangazo, kwa barua ya ajira yenye mhuri. Flavian, mwenye digrii ya fizikia na miaka minne ya kuambiwa "tutakuita", alikuwa amelipigia magoti tangu saa mbili.

— Msomi, mgonjwa kasemaje? aliuliza Adolfu, ambaye kijiweni anaitwa Volti. Alikuwa fundi umeme kiwandani mpaka kiwanda kilipouzwa, na tangu hapo hakuna jambo duniani asilolipima kwa volti.

— Likisimama linatii, Flavian alisema. Kushoto, kulia, poa kabisa. Nikiliwasha likakata kona mbili tatu, linaziba masikio. Halisikii usukani, halisikii kupunguza mafuta. Linakwenda tu.

— Limekwenda kwenye dagaa wa watu, Silvana alidakia, huku akimimina. Wa Kipili wale, wakavu. Mwenyewe mpaka saa hizi anachambua mchanga.

— Hilo ni interference, Flavian alisema. Cheche za plagi zinaingilia mawimbi ya rimoti. Nimebadilisha plagi, nimesogeza antena mbali na injini, waya zote nimezikaza upya. Bado. I have eliminated everything, gentlemen. Kila kitu!

— Eliminate na hiyo lugha, alisema Timoth. Huyu ni dalali wa mpakani, jina lake la kazi Forodha. Tatizo liko pale juu, hulioni? Mnara wa simu. Tangu usimamishwe, hata mke wangu hanisikii.

— Mkeo alianza kutokukusikia kabla ya mnara.

— Cheka tu, Volti. Mawimbi ya watu wenye simu yanalipiwa. Haya ya rimoti ni ya bure. Katika soko huria, cha bure kinapisha njia.

Flavian hakucheka. Aliona aibu kidogo kwamba nadharia ya Forodha ilikuwa na akili kuliko nusu ya mihadhara aliyoketi kuisikiliza.

— Mimi nasema ni mwinuko, Volti alisema. Huku kwetu ni juu. Hewa nyepesi. Mawimbi yakitoka kwenye rimoti yanachoka njiani.

— Mawimbi hayana mapafu, kaka Adolfu.

— Wewe ulishayaona?

— Hapana.

— Basi.

Forodha akasogea mbele ya benchi, akashusha sauti.

— Nyinyi hamjawahi kufanya kazi na wazungu. Mzungu hauzi kitu chote. Huyo kabakiza rimoti ya pili. Yuko kwao sasa hivi, anakunywa chai, anabonyeza. Gari linamtii mwenyewe.

— Kutoka Ulaya mpaka Sumbawanga?

— Watu wa Dar wanaamini sisi tunatuma radi mpaka kwao bila hata rimoti. Kwa nini mzungu ashindwe na gari?

Hapo hata Flavian akacheka, kicheko kifupi chenye uchungu, kisha akaweka tena ncha za mita yake ya mshale kwenye kisanduku cha betri, kwa mara ya kumi. Betri ndogo nne, za kuendesha kisanduku kinachopokea mawimbi na vimota viwili, kimoja cha usukani, kimoja cha mafuta. Mshale ukapanda, ukatulia.

— Tano na nusu, akasema. Karatasi ya maelekezo inataka sita. Tano na nusu si ugonjwa. Mita haina shangazi wizarani, haidanganyi.

— Bado unamwaza yule aliyechukua nafasi yako? Silvana aliuliza taratibu.

— Simwazi yeye. Naiwaza ripoti. Niliiandika mimi, nilipokuwa najitolea ofisini kwao, page by page. Yeye akaisoma mbele ya bodi, akapewa kiti. Hata kutamka "transfoma" hakuweza.

Ilikuwa saa tano na robo.

Mzee mmoja alisimamisha mafahali wake wawili ng'ambo ya mtaro. Alikuwa anaelekea mnadani: katambuga za tairi, fimbo mabegani, redio kwenye kijifuko cha kufuma ikining'inia ubavuni. Aliwasalimia mmoja mmoja, kwa utaratibu, kama watu waliopotezana muda mrefu. Wakatoa shikamoo zao nusu nusu, macho kwenye gari.

— Karibu kahawa, Mzee wa Ng'ombe, Forodha alisema. Angalia mashine hiyo. Haili majani.

— Inakula nini? mzee aliuliza, akipokea kikombe.

— Petroli na betri.

— Mmezinunua leo hizo betri?

Flavian akainua kichwa. Volti ndiye aliyejibu, kifua mbele:

— Za mzungu zilikwisha, hizi zilikuwa za redio ya hapa kijiweni. Mimi nimezianika juu ya bati siku mbili. Zimepona kabisa. Mita imeshuhudia.

Hakuna aliyeona ajabu. Nani huku haaniki betri? Nyumba gani haina bati lenye betri zilizolala chali zikiota jua ili taarifa ya habari ifike mwisho?

— Na mimi ninaanika, mzee alisema. Asubuhi redio inasalimia vizuri, nikiongeza sauti inakufa. Ng'ombe aliyekonda naye ukimwangalia zizini amesimama. Mfunge jembe uone.

Akanywa mkupuo wa mwisho, akaaga, akavuka mtaro.

Flavian akarudi kwenye kisanduku cha betri. Kisha akasema, kwa sauti ndogo:

— Volti, shika rimoti. Kata kona. Kushoto, kulia, usiache.

Akabana ncha za mita. Magurudumu yakapinda na mshale ukaporomoka: nne, tatu na kitu. Kisanduku cha mawimbi kikazimia palepale. Muda wote alikuwa akizipima betri zikiwa zimepumzika. Kitu cha mwaka wa kwanza. Load, mzigo. Miaka mitatu ya chuo, na asubuhi nzima ya ujuaji.

Silvana alivuka dukani akaleta betri mpya. Gari likanguruma, likazunguka benchi mara nane, likasimama lilipoambiwa simama. Kijiwe kikapiga kelele. Wakati huo huo pikapu ya Madam Stefania ilifunga breki, saa sita kasoro dakika kumi.

— Limepona?

— Betri, madam, Flavian alisema. Zilikuwa zinasimama lakini hazibebi.

Madam akatazama gari, akamtazama Flavian, akatoa kalamu, na barua kutoka kwenye bahasha.

— Kubadilisha betri hata mimi ninaweza. Namtaka aliyeujua ugonjwa. Ni nani?

— Msomi wetu huyu! Volti alisema upesi, akimsukuma kwa kiwiko. Digrii hiyo, madam!

Forodha akaunga mkono kwa kichwa. Silvana akainamia birika. Barua ilikuwa pale, mhuri umeshagongwa, nafasi ya jina tupu. Flavian aliiona, akapangusa mikono kwenye suruali.

— Si mimi, akasema hatimaye. Ni mzee mmoja, amepita hapa sasa hivi na mafahali wawili.

Volti akatoa mguno kama mtu aliyekanyagwa. Madam Stefania hakukasirika. Aliiweka barua juu ya boneti la pikapu, akafungua kalamu.

— Sawa. Anaitwa nani?

Flavian akamtazama Volti. Volti akamtazama Forodha. Forodha akanyoosha shingo ng'ambo ya mtaro. Kule barabara ya mnadani ng'ombe walikuwa wengi, na kila kundi lilikuwa na mzee nyuma yake, mwenye fimbo mabegani.

— Nauliza, Madam Stefania alisema. Mmekunywa naye kahawa. Anaitwa nani?