Plasta Kwenye Lenzi ya Dada Mtutu

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mpiga picha za michezo ambaye wengi wenu hamkuwahi kumwona uso, kwa sababu uso wenyewe muda wote ulikuwa nyuma ya kamera. Lakini picha zake mmeziona. Yule mlinda mlango aliyeruka mpaka kiatu kikamvuka, ile ni picha yake. Yule mkimbiaji aliyefumba macho hatua moja kabla ya utepe, ile nayo ni yake. Wenzake walimwita Dada Mtutu. Alifariki wiki mbili zilizopita kwa maradhi ya moyo. Alikuwa na miaka hamsini na miwili.

Nawaambia mapema: kipindi hiki kina wivu ndani yake, na si wivu wa kuchekeana. Jana asubuhi mdogo wake wa kiume alikuja hapa studio akiwa na mama yao. Yeye pia ni mpiga picha, gazeti lilelile. Kazini wanamwita Kinda. Ana miaka arobaini na saba, kipara kinang'aa, na bado ni Kinda. Alikaa mbele yangu, akafungua mdomo, sauti ikagoma. Akasema kwa kunong'ona, "Simulia wewe. Mimi nina jambo moja tu la kusema, nitalisema mwishoni." Kisha akanieleza kidogokidogo, mama yake akiwa nje anapunga upepo. Basi nasimulia kama alivyonipa.

Juu ya meza, kati yetu, aliweka begi jeusi. Ndani yake kuna lenzi. Mhariri wa picha alimkabidhi juzi, akamwambia, "Jumamosi kuna mechi. Utakaa pale alipokuwa anakaa dada yako." Kinda akamjibu kwamba hawezi kuishika kabla hajasema alichokifanya. Mhariri akadhani ni msiba unaongea.

Tuanze nyuma kidogo. Kinda alizaliwa wa pili, na wewe uliyezaliwa wa pili unajua maana yake. Sweta lilikuwa la dada. Begi la shule lilikuwa la dada, jina la dada limefutwa kwa wino, na bado linasomeka. Baiskeli ilikuwa ya dada, tena ya kike. Dada akikua, vitu vinashuka. Mtoto huyu hakuwahi kufungua kitu kipya kikiwa bado kwenye karatasi yake.

Hata kazi ilishuka hivyohivyo. Dada Mtutu ndiye aliyetangulia gazetini. Baada ya miaka mitatu akamshika mdogo wake mkono, akampeleka kwa mhariri, akasema, "Huyu mpe nafasi. Ana jicho." Akampa na kamera yake ya zamani, mkanda umelainika kwa jasho la shingo ya dada. Kinda alishukuru. Alishukuru kwa mdomo, wasikilizaji, maana moyoni alisema: haya, sweta lingine hilo.

Kitu kimoja tu hakikushuka. Mtutu.

Mtutu ndio lenzi yenyewe. Ni lenzi ndefu ya kuvuta, urefu wake kama mkono kutoka kiwiko mpaka vidoleni, na uzito wake ni kama wa mtoto mchanga. Unakaa kando ya kibendera cha kona, mchezaji yuko goli la pili kule, unazungusha pete, anakuja mpaka unaziona kope zake. Unarudisha pete, uwanja unafunguka tena. Gazeti lilikuwa na lenzi moja tu ya namna hiyo, na lenzi hiyo alikuwa nayo dada. Ndipo jina lilipotoka.

Na alijua kuitumia, hilo Kinda mwenyewe anakiri. Alikaa kwenye kigoda cha plastiki, lenzi imesimama juu ya mguu mmoja wa chuma. Mkono wa kushoto chini ya lenzi, viwiko vimebana mbavu, macho yote mawili wazi: moja ndani ya kamera, jingine uwanjani. Mshambuliaji akianza kukimbia kuja kwake, yeye anarudisha pete taratibu kwa mwendo uleule, hivyo mtu yule habanwi wala hapotei. Anabaki mzima kwenye picha, miguu na kichwa na mpira. Wengi huvuta mpaka mwisho, wakarudi nyumbani na pua za watu.

Kinda alikuwa na lenzi fupi. Mwenye lenzi fupi hukimbia. Alikimbia pembeni mwa uwanja juu na chini, jasho linamtiririka, huku dada yake ameketi kama mgeni rasmi. Mara ngapi alimwomba? Hakumbuki.

"Dada, niazime kipindi cha pili tu."

"Mtutu hauazimwi."

"Dakika kumi."

"Kinda, kimbia baba. Angalau unapunguza kitambi."

Wapiga picha wengine wanacheka. Kinda naye anacheka, meno yote nje, kisha anakimbia. Jumatatu gazeti likitoka, kabla hajatazama picha alitazama jina chini ya picha. Jina la dada. Mtu akisifia, yeye hujibu haraka, "Ni lenzi hiyo, ndugu yangu. Hata wewe ungepata." Harusi ya dada yake alipiga picha yeye. Anasema hata siku ile, bwana harusi anamvisha mkewe pete, yeye alikuwa anawaza begi jeusi liko wapi.

Sasa tufike siku ya fainali. Ni miaka kumi na tisa iliyopita. Narudia, miaka kumi na tisa.

Lazima niwaeleze kitu kidogo, na nitakieleza polepole. Ubavuni mwa lenzi ile kuna swichi, ndogo kama punje ya mchele. Ukiiweka upande mmoja, lenzi inatafuta kote, karibu na mbali. Ukiisukuma upande wa pili, unaiambia: ya karibu achana nayo, tazama kuanzia hatua saba kwenda mbele. Hapo inakuwa nyepesi kwa mambo ya mbali. Lakini mtu akija karibu, lenzi inakuwa kipofu. Dada Mtutu alikaa kona, na mfungaji akifunga hukimbilia kona. Kwa hiyo swichi yake ilikaa upande wa kote, siku zote, na juu yake alibandika plasta ya kidonda isije ikasogea. Hakuwa anaitazama tena. Aliiamini.

Siku ile, saa moja kabla ya mechi, dada alikwenda kuchukua kizibao chake chenye namba, kile wanachovalishwa wapiga picha uwanjani. Akamwambia mdogo wake, "Niangalizie begi." Hakuna mwingine aliyekuwa karibu. Kinda akafungua begi. Anasema alitaka kuishika tu, aone uzito wake. Akaishika. Kisha kidole kikaenda kwenye plasta. Akaibandua, akasukuma swichi, akairudisha plasta mahali pake. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Mechi ikaenda bila bao mpaka dakika za mwisho. Nahodha, mkongwe aliyekuwa anastaafu siku ileile, akapiga kichwa. Bao. Akakimbia kona. Akapita kila mtu, akapiga magoti hatua tatu mbele ya Dada Mtutu, akavua viatu vyake na kuvikumbatia akilia. Dada alirudisha pete kama kawaida yake, akabonyeza, akabonyeza, akabonyeza. Kinda alikuwa upande wa pili wa uwanja, alichopata ni mgongo wa jezi.

Picha kumi na nne, wasikilizaji. Zote ukungu.

Magazeti mengine yalikuwa na picha ile. La kwao lilitoka na mgongo wa jezi. Mhariri alimwita dada mbele ya watu wote, akauliza, "Miaka yote hii, hujui kutazama swichi yako?" Dada akasema, "Ni kosa langu. Sikuitazama." Basi. Msimu mzima akapelekwa kupiga picha za mikutano na ukataji wa utepe, na Mtutu ukafungiwa kabatini. Hata Kinda hakuupata. Alitaka dada aukose, naye akaukosa vilevile, na kila siku akipita mbele ya kabati lile alitazama sakafu.

Msimu uliofuata dada akarudishwa uwanjani. Alibandika plasta mpya, akaketi kona yake, akamwambia, "Haya Kinda, kimbia." Utani uleule. Tangu hapo kila alipocheka naye, Kinda alijiuliza: anajua, au hajui? Wamekula pamoja, wameuguza baba pamoja, wamemzika pamoja. Hakusema. Dada alipolazwa, Kinda alikwenda hospitali kila siku na neno lile mdomoni, na kila siku aliishia kuuliza, "Umekula?"

Sasa nawarudisha hapa studio, jana asubuhi. Mama yao alikuwa ameingia, ameketi pembeni yangu, mkoba mapajani. Kipaza sauti kiliwashwa. Kinda akakohoa, akasema jambo lake moja. Msikilizeni:

"Mama, ile swichi ya fainali niliisukuma mimi. Si kosa la dada. Ni mimi, kwa wivu."

Nilimtazama mama. Nilitegemea kilio. Mama alifungua mkoba, akatoa kitambaa, akampa mwanawe.

"Alijua," akasema.

Kinda akawa haelewi. "Alijua nini, mama?"

"Alijua siku ileile. Alikuja nyumbani, akanionyesha plasta. Akaniambia, mama, plasta yangu mimi huwa naikunja ncha, nipate pa kushika nikitaka kuibandua. Hii imebandikwa bapa. Na begi nilimwachia Kinda peke yake."

"Sasa mbona hakuniambia? Miaka kumi na tisa, mama!"

"Wewe ulimwambia?"

Fundi wangu wa mitambo alivua vifaa vya masikioni. Mama akaendelea, taratibu, kama mtu anayekunja nguo.

"Nilimwambia kamseme kwa bosi wenu. Akakataa. Akasema, mama, na mimi nina langu. Huyu mtoto ana jicho ambalo mimi sina. Anakimbia na lenzi fupi, na kila mpira unapofika, yeye ameshafika. Mimi bila Mtutu ni mtu wa kawaida tu. Siku nikimwazima, mimi kwisha. Ndiyo maana simwazimi. Akaniambia, mama, mimi ninamwonea wivu tangu siku niliyompeleka pale gazetini."

Kinda aliinamisha kichwa juu ya begi lile jeusi, akalia. Alilia kwa sauti, na hatukukata. Mama yake alimshika kisogo. "Sikutaka kuwagombanisha," akasema. "Nikangoja mmoja wenu aanze."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwa mama, kwa mume wa marehemu, kwa wafanyakazi wa gazeti lake, na kwako Kinda. Poleni sana. Mungu ampumzishe Dada Mtutu pema.

Nanyi mnaonisikiliza, nina ombi. Kuna mtu unamtazama kila siku ukiona alichonacho yeye. Huenda mmelala chumba kimoja utotoni. Leo redio ikizimwa, mpigie simu. Kama umemkosea mwambie, na kama unamhusudu mwambie hivyohivyo, hata kwa utani. Usiishie kumuuliza kama amekula.

Nimalizie kwa nilichokiona mwishoni. Kinda alifungua begi, akautoa Mtutu. Plasta ya dada bado ilikuwapo ubavuni, imechakaa, ncha imekunjwa. Fundi wangu, mtu mwema, akamletea plasta mpya kutoka kisanduku cha huduma ya kwanza, ingali kwenye karatasi yake. Kinda akaitazama, akatikisa kichwa.

"Hapana," akasema. "Nitatumia ya dada."