Dada Yetu wa Vyura na Chupa Zake

Ndugu waombolezaji, familia imempa mdogo wa marehemu kazi ya kusoma maelezo haya, naye anaomba mumvumilie, kwani hajapata usingizi wa maana wiki nzima, na maisha ya dada yake hayafupishiki kirahisi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1953, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa tatu wa fundi wa reli na mama mshonaji, akaanza shule ya msingi mwaka 1961, ambako alirudishwa nyumbani mara mbili kwa kuingia darasani na chura mfukoni, akaendelea na sekondari ya bweni, kisha chuo kikuu, alikohitimu shahada ya zoolojia tarehe 2 Julai 1977, na baba yao, aliyekwisha kuwatangazia watu kwamba binti anasomea udaktari, ikambidi aanze upya kuwaeleza.

Tarehe 3 Oktoba 1978 aliajiriwa katika ofisi ya utafiti wa vyura, nyoka, vinyonga na jamaa zao, akapewa chumba cha chini chenye dirisha moja na rafu za chuma, na humo akahifadhi, katika chupa za spiriti, kila alichokusanya mabwawani na kwenye misitu ya mvua, kila chupa na kibandiko chake, wakiwemo vyura wadogo wa kijito kimoja ambacho baadaye kilifukiwa ili barabara ipite, na ambao tangu hapo hawajaonekana popote, kwa hiyo chupa hizo ndizo ushahidi pekee kwamba waliwahi kuishi.

Jumamosi tarehe 19 Desemba 1981 alifunga ndoa na fundi magari, mtu mpole anayeogopa hata mjusi wa ukutani, wakajaliwa binti mwaka 1983, ambaye ni muuguzi, na mwana mwaka 1987, ambaye ni mwalimu.

Februari 2006 chumba chake kilitakiwa kwa ajili ya viti vibovu, naye akazihamishia chupa nyumbani kwa muda, na muda wenyewe ndio huu hadi leo. Zilijaza chumba cha mwana, zikaingia sebuleni, zikapanda juu ya kabati la vyombo, na wakwe watarajiwa wa binti, walipokaribishwa kuketi mkabala na chupa ya nyoka koboko, waliaga chai ikiwa bado ya moto, ingawa kijana mwenyewe, tunashukuru, alirudi. Mume wake alichoka na hakuficha, siku moja akamwambia achague, yeye au vyura, naye marehemu akaomba muda wa kufikiri. Kila mwaka alipanda ngazi za ofisi kuomba chumba, kila mwaka akaambiwa jambo linashughulikiwa, akastaafu tarehe 30 Juni 2013 likiwa bado linashughulikiwa, na tuseme ukweli, ngazi zile zilimchosha kuliko milima yote aliyopanda.

Machi 2019 mapafu yalianza kumsumbua, hakuweza tena kuinua chupa, na mume wake, akiwa na glovu za gereji na uso ameugeuzia pembeni, ndiye aliyekuwa akiongeza spiriti, huku mkewe akimwelekeza kutoka kitandani. Agosti 2022 alilazwa, na wodini hakuulizia vipimo vyake, aliulizia vifuniko. Mkurugenzi wa ofisi alikuja kumjulia hali, akaahidi chumba, marehemu akamshukuru, akageukia ukutani. Alifariki asubuhi ya Jumapili, tarehe 11 Septemba 2022, mume wake akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa uvumilivu wao, majirani, ambao wamepakana na nyoka miaka yote hii wasitushtaki, na wafanyakazi wenzake, hasa mkurugenzi, ambaye tunamwona hapo safu ya mbele. Mume wa marehemu ameagiza mkurugenzi asomewe hivi, kwamba Jumatatu asubuhi chupa zitakuwa zimeviringishiwa magazeti, yeye yuko mlangoni anasubiri gari la ofisi, na kwamba atapanda nyuma pamoja nazo, kwa kuwa hamwamini dereva yeyote kwenye matuta, na endapo chumba hakitakuwa tayari, atakaa nazo hapo hapo mlangoni pa ofisi, maana ameshazizoea.

Dada, pumzika kwa amani, umechoka vya kutosha, ngazi za ofisi sasa tutazipanda sisi.