Risala ya Dawati la Simu Kuhusu Wahandisi Waliobaki, Yaani Mmoja

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Bodi, Bwana Meneja, wafanyakazi wenzetu mliobaki,

KARIBU
Sisi ni watu kumi na wanne tunaopokea simu za zahanati zinazotunza mafaili ya wagonjwa kwenye mfumo wetu. Tumefurahi umekuja kuzindua chumba cha mapumziko. Viti ni vizuri. Tumeambiwa tusivikalie hadi ukate utepe.

TULIKOTOKA
Tulianza na wahandisi tisa. Zahanati ikipiga simu, tuligeuka tu na kuuliza, "Kaka, kulikoni?" Leo amebaki mmoja, tunamwita Shangazi. Walioletwa badala ya wengine ni watu wazuri, wana adabu, na maswali yao wanatuuliza sisi.

MAFANIKIO
Kwa miaka miwili tumeandaa hafla nane za kuagana. Sasa hafla inatuchukua nusu saa, keki na hotuba zikiwemo. Hotuba ni ileile, tunabadilisha jina.

CHANGAMOTO
Mwezi uliopita mhandisi mpya alikuta seva imebandikwa karatasi: "USIZIME". Aliyeibandika alishaondoka. Akauliza sababu, hakuna aliyeijua, basi akaizima apanguse vumbi. Zahanati zote zikakosa mafaili kwa saa sita.

Muuguzi mmoja alipiga simu mara tano. Tulimpa pole, kama tulivyofundishwa. Akasema, "Mwanangu, pole zenu zimenitosha. Mgonjwa yuko mbele yangu, hawezi kusema, nataka kujua ni dawa gani inamdhuru." Tuliona aibu, na tulilia chooni kwa zamu, maana simu hazikukoma. Shangazi alikatisha likizo yake, akaja akaiwasha, maana ni yeye tu aliyejua namna. Mgonjwa alipona, si kwa msaada wetu.

MAOMBI
Yalikuwa saba, limebaki moja. Shangazi ameandika barua ya kuacha kazi, mwisho wake ni Ijumaa. Tulipomuuliza, alisema, "Kila mwaka naandika ripoti kwamba nahitaji watu wa kuwafundisha hii kazi. Hakuna aliyewahi kuniuliza hata ukurasa wa kwanza unasemaje." Barua yake iko mezani kwa Bwana Meneja tangu Jumatatu, haijafunguliwa, kwa kuwa alikuwa anaandaa ziara yako.

Shangazi anakaa mlango wa tatu kushoto. Tunakuomba ukamsikilize leo. Hajui kama tumeandika haya.

Mungu akujalie afya njema. Na ikitokea umeugua, akupeleke kwenye zahanati isiyo mteja wetu.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Dawati la Simu