Foleni Katika Hospitali Tupu

WILBER: Haloo? Nani mwenzangu?

NÉLIDA: Mimi dada yako, Nélida. Vocha yenyewe kidogo.

WILBER: Nélida! Habari za huko milimani? Mama je?

NÉLIDA: Ndiyo maana nimepiga, kaka. Niko naye hapa hospitali.

WILBER: Anaumwa nini? Daktari kase—

NÉLIDA: Daktari gani, Wilber?

(Mtandao unakwaruza.)

WILBER: Sikusikii vizuri.

NÉLIDA: Unanisikia. Ni hospitali ile ile mliyoikatia utepe. Vitanda vililetwa asubuhi, vikapigwa picha, jioni vikapakiwa kwenye lori kurudi huko kwenu Lima. Zimebaki kuta.

WILBER: Sasa Mama anafuata nini humo?

NÉLIDA: Tangu tumzike Delfina, anakuja kila siku. Anakaa sakafuni.

WILBER: Delfina… huyu jirani yetu? Mbona sikuambiwa?

NÉLIDA: Uchungu ulimshika, na mvua ilishafunga barabara. Tukavunja mlango wa humu, tukamlaza kwenye saruji. Hamna maji, hamna mtu. Kafia mikononi mwa Mama, yeye na kichanga chake.

(Mtandao unakwaruza tena.)

NÉLIDA: Upo?

WILBER: Nipo.

NÉLIDA: Mama anasema yuko kwenye foleni. Nikimwambia twende nyumbani, ananijibu zamu yake bado, Delfina katangulia. Anasogea kidogo, anampisha.

WILBER: Mlete huku Lima. Nitalipa mi—

NÉLIDA: Kwa pesa ipi, kaka? Sisi hata kwenye kilo ya sukari tunakatwa kodi. Mama kauza viazi mpaka mgongo umepinda, na kibanda cha sokoni anakilipia ushuru. Kodi zote hizo zimejenga nini?

WILBER: Waliniambia vifaa vitafuata. Mimi nilikuwa mhandisi tu. Nikatia saini kwamba imekamilika, basi—

NÉLIDA: Jumapili watu wanakutana uwanjani. Wanamtaka aliyetia saini. Hawajui ni nani.

WILBER: Na Mama, anajua?

NÉLIDA: Humu ndani hajalitaja jina lako hata siku moja.



WILBER: Nitakuja. Nitasema mwenyewe, mbele yao.

NÉLIDA: Watakufunga.

WILBER: Najua. Nipe Mama.

NÉLIDA: Fanya haraka, vocha inaisha. Mama, shika. Ni Wilber.

MAMA: Haloo? Daktari?

WILBER: Mama, ni mimi, mwana—

MAMA: Njoo upesi, daktari. Uje na taa. Delfina anasema hamwoni mtoto wake.

WILBER: Nakuja, Mama. Mama?

(Simu imekatika.)