Célestine, Tuta Lake, na Wivu wa Mumewe

Wapendwa mliofika kumsindikiza, maneno haya yameandikwa na Zéphyrin, mume wa marehemu. Anayeyasoma ni Ulrich, mdogo wa marehemu, kwa kuwa mwandishi haiamini sauti yake. Ulrich ameagizwa asiruke mstari hata mmoja.

Mama Célestine Nabintu alizaliwa tarehe 9 Juni 1967 huko Kavimvira, Uvira, mashariki mwa Kongo, mtoto wa tatu katika nyumba ya wafyatua matofali. Kabla hajajua kusoma alijua udongo. Mama yake alimfundisha kuusokota uwe mwembamba kama kalamu, kisha kuuzungusha kwenye kidole. Ukipasuka, unatupwa, usipopasuka, unajengewa.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Kavimvira na kuishia darasa la sita mwaka 1979, kwa sababu tanuri la matofali lilihitaji mikono. Jambo hilo halikumsumbua. Aliyesumbuka ni mumewe, aliyekuwa na diploma ya ujenzi ya Bukavu na kuitaja mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Walifunga ndoa kanisani Uvira tarehe 12 Agosti 1989, wakajaliwa binti mmoja, Miradie. Vita viliwatoa nyumbani, na mwaka 2004 wakafika London kuomba hifadhi. Walianzia Hounslow, Célestine akifanya usafi uwanja wa ndege kwa miaka kumi na miwili, kisha wakahamia Kenton, ambako alitunza wazee. Zéphyrin alipanga mizigo ghalani, na diploma ikakaa ukutani ndani ya fremu.

Julai 2021 kijito kilicho nyuma ya nyumba zao kilifurika. Maji yaliingia sebuleni hadi magotini. Diploma ilipona, picha za harusi hazikupona. Majirani wakaunda kamati chini ya Bwana Rakesh, mwenye duka la vyakula, mzaliwa wa Kisumu. Zéphyrin akapeleka mchoro wa ukuta wa zege, kurasa saba. Mhandisi wa halmashauri aliusifu kwa adabu, akasema ardhi pale ni laini mno. Kilichofaa ni tuta la udongo la kukatiza bonde lililo juu ya nyumba, lenye bomba chini yake, ili mvua kubwa ikinyesha maji yasubiri bondeni na kutoka polepole. Wakati wakizungumza Célestine aliinama, akachota udongo, akausokota, akauzungusha kidoleni.

"Hii ya juu iko mubaya, itapasuka," alisema. "Muchimbe kule karibu na miti. Ile ndiyo iko muzuri."

"Basi Mama, wewe ndiye foreman," Rakesh akamjibu. "Sisi wengine tutabeba ndoo tu."

Mhandisi alipeleka udongo maabara, na majibu yakarudi yakisema yaleyale. Mwenye diploma hakula chakula cha jioni siku hiyo.

Na isemwe wazi, maana yeye mwenyewe anataka isemwe: mume huyu alikuwa na wivu. Alizionea wivu Jumamosi zote za ujenzi, kiangazi cha 2023, alizoachwa na wali kwenye sufuria. Alikionea wivu kicheko cha mkewe, alipobishana na Rakesh juu ya unene wa tabaka la udongo, huyu kwa Kiswahili cha Uvira, yule kwa cha Kisumu. Kwaya nzima ya kanisa ilikuja na mabuti ya mpira, ikakanyaga udongo kwa miguu huku ikiimba, jinsi wafyatua matofali wanavyofanya Kavimvira, mashine ya kushindilia ikimalizia nyuma yao. Zéphyrin alibaki nyumbani akidai mgongo unamuuma. Mgongo ulikuwa mzima. Miradie, anayesikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, alimwambia kwa Kiingereza chake kwamba anashindana na lundo la matope.

Tuta lilikamilika tarehe 14 Oktoba 2023, urefu mita arobaini, kimo mita moja na nusu. Célestine alirudi na matope hadi kwenye kope.

"Papa Miradie, nilikuachia nafasi ya kukanyaga pale mwisho," alisema. "Juu ya nini haukukuja?"

Zéphyrin akamwambia mgongo ulikuwa unamuuma.

Mei 2024 madaktari walimkuta na saratani ya kongosho. Zéphyrin alimuuguza mwenyewe, akamwogesha, akamlisha uji kwa kijiko. Anaandika kwa aibu kwamba mara nyingine alifurahi, kwa kuwa sasa mkewe hakuwa na pengine pa kwenda.

Jumamosi tarehe 23 Novemba mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mchana Célestine alimtuma: "Ende uone kama tuta imeshika."

Alikwenda bila mwavuli. Bonde lilikuwa limejaa karibu kufika ukingo wa tuta, bomba likitoa maji taratibu, na upande wa pili nyumba zote kavu. Rakesh alikuwa amesimama pale akilia bila kujificha. "Kimbia umwambie Mama imeshika!" alisema. "Umwambie saa hii!"

Zéphyrin alirudi amelowa chapachapa. Célestine alifumbua macho. Hakuuliza kama mumewe amelowa, wala kama amekula. Aliuliza, "Tuta?"

Wivu ukamshinda. "Sikufika," alisema. "Njia iko na maji. Ntaangalia kesho."

Mkewe aliushika mkono wa koti la mumewe, uliokuwa ukichuruzika maji sakafuni. "Bon, sawa," alisema. "Kesho."

Zéphyrin alikuwa amepanga kumwambia wakati wa chai ya asubuhi. Jumapili tarehe 24 Novemba 2024, saa moja asubuhi, Mama Célestine alifariki usingizini, nyumbani kwake Kenton. Chai ilikuwa bado haijachemka.

Ameacha mume, binti yake Miradie, mdogo wake Ulrich, kwaya yenye mabuti, Bwana Rakesh, na tuta moja la udongo ambalo kuanzia sasa litakatwa nyasi na Zéphyrin kila Jumamosi. Udongo wa kwanza kuingia kaburini leo umetoka kwenye lundo lililobaki pale karibu na miti. Tuta lenyewe Zéphyrin hakuthubutu kuligusa. Udongo huo ameusokota asubuhi hii na kuuzungusha kidoleni, na haukupasuka.

Hapa Ulrich anaombwa anyamaze, ili mume aseme mwenyewe alilopaswa kusema:

Célestine, imeshika. Jumamosi ile nilifika, na niliiona. Imeshika, mama. Pumuzika kwa amani.